Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: mtaa, ofisi na mto katika bonde la Msimbazi, Dar es Salaam

Majibu haya ni ya wakazi wa mitaa inayopakana na Mto Msimbazi na vijito vyake: Vingunguti, Tabata, Kigogo, Mchikichini, Jangwani, Hananasif na jirani zao. Yametokana na maswali yanayorudi kila siku kwenye baraza za nyumba, foleni za maji na milango ya ofisi za mtaa. Mambo mengi yanayowaumiza watu bondeni huanza kwa kwenda ofisi isiyohusika, au ofisi sahihi lakini bila karatasi. Ndiyo maana tumeeleza kwa undani ni nani wa kumwendea na uende na nini mkononi.

## Ofisi ya mtaa na watu wake

1. Mtaa wangu uko chini ya halmashauri ipi?

Mto ndio mpaka wa sehemu kubwa ya mitaa hii, kwa hiyo majirani wanaoonana uso kwa uso kutoka ng'ambo hadi ng'ambo wanaweza kuwa na halmashauri mbili tofauti. Jangwani, Mchikichini na Vingunguti ziko Jiji la Dar es Salaam, jina linalotumiwa na iliyokuwa Manispaa ya Ilala tangu Februari 2021. Kigogo, Magomeni na Hananasif ziko Manispaa ya Kinondoni, na Mabibo iko Ubungo. Ukipeleka ombi la kibali au malalamiko ya taka kwenye halmashauri ya ng'ambo, barua itakaa kwenye faili bila jibu. Tazama muhuri wa barua yoyote ya zamani kutoka mtaani kwako: jina la halmashauri limeandikwa humo.

2. Mjumbe, mwenyekiti na mtendaji wanatofautianaje?

Mwenyekiti wa mtaa na wajumbe wa kamati yake huchaguliwa na wakazi kila baada ya miaka 5, na uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Mwenyekiti halipwi mshahara wa kiserikali. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri. Yeye ndiye hutunza rejista ya wakazi, huandika mihtasari na hufikisha mambo kwa mtendaji wa kata. Diwani ni wa kata nzima na sauti yake inasikika kwenye vikao vya halmashauri.

Mjumbe wa shina, ambaye wazee bado wanamwita balozi wa nyumba kumi, ni kiongozi wa chama cha siasa na hayumo kwenye muundo wa serikali. Kwa mazoea watu humwendea kwanza, naye mara nyingi anazijua kaya zake kuliko mtu mwingine yeyote. Ushuhuda wake unasaidia, ila hakuna sheria inayokulazimisha upitie kwake ndipo upate huduma ya ofisi ya mtaa. Ukiambiwa barua haitoki mpaka mjumbe asaini, omba kumwona mtendaji.

3. Nahitaji barua ya utambulisho. Niende na nini?

Nenda na picha mbili za pasipoti, kitambulisho cha NIDA au namba yake, namba ya nyumba iliyobandikwa wakati wa zoezi la anwani za makazi, na jina la ofisi unayoipelekea. Kama ni mpangaji, nenda na mkataba wa pango au uende na mwenye nyumba. Mgeni aliyehamia karibuni aje na barua kutoka mtaa au kijiji alikotoka. Kosa la wengi ni kuhamia kimya kimya kisha kujitokeza siku wanayohitaji benki au polisi, na ofisi haina kumbukumbu yao yoyote. Jiandikishe kwenye rejista ya wakazi wiki ya kwanza.

Soma barua kabla ya kuondoka. Jina liandikwe herufi kwa herufi kama lilivyo NIDA, tarehe iwepo, na muhuri uguse ukingo wa picha. Benki huzirudisha barua nyingi kwa sababu ya tofauti ya herufi moja.

4. Naombwa hela ya karatasi au ya muhuri. Ni halali?

Malipo yoyote halali ya serikali yana namba ya malipo na stakabadhi. Yasipokuwa na stakabadhi, hayamo kwenye hesabu za mtaa. Uliza kwa heshima: "Naomba namba ya malipo nilipie." Mara nyingi jambo huishia hapo. Lisipoisha, nenda kwa mtendaji wa kata.

5. Kwenye mkutano wa mtaa nina haki ya kuuliza nini?

Kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea ana haki ya kuhudhuria na kusema, mpangaji na mwenye nyumba sawasawa. Omba taarifa ya mapato na matumizi ya robo mwaka, idadi ya kaya zinazolipa ada ya taka, na hatua iliyofikiwa kwa maazimio ya kikao kilichopita. Hoja yako iingie kwenye muhtasari. Jambo lililosemwa kwa sauti lakini halikuandikwa huwa gumu kulifuatilia kata au halmashauri. Kikao cha Januari au Februari tunakiona kuwa muhimu kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo mitaro inaweza kupangiwa kazi kabla masika haijaanza.

## Nyumba na kiwanja karibu na mto

6. Mita 60 zinazokatazwa kujengwa kando ya mto zinapimwa kutoka wapi?

Kutoka ukingo wa mto, pale ardhi inapoanza kushuka kuelekea maji. Hazipimwi kutoka kwenye mkondo wa kiangazi, ambao hubaki mwembamba katikati ya mchanga. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu ndani ya mita hizo, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inaihesabu ardhi hiyo kuwa ya hatari. Msimbazi una kingo laini za mchanga na tope, hivyo ukingo unahama. Nyumba iliyokuwa mita 70 kutoka mtoni inaweza kujikuta ndani ya eneo la hatari baada ya masika chache, bila mwenyewe kuongeza hata tofali.

Kwa kipimo cha haraka, mtu mzima akitembea kawaida hatua 80 ni kama mita 60. Kipimo cha kutegemewa hutoka kwa mpima wa halmashauri.

7. Nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mtaa. Inanilinda?

Inaonyesha kwamba uliuziwa, uliuziwa na nani na lini. Hilo lina uzito mkubwa jirani akidai kiwanja ni chake. Haifanyi ardhi ya hatari kuwa ardhi ya makazi. Hata leseni za makazi zilizotolewa Dar es Salaam kuanzia miaka ya 2004 na 2005 kwa maeneo yasiyopimwa ziliyaacha nje maeneo hatarishi. Kama nyumba yako ya pembeni haikupewa leseni ilhali ya jirani wa juu ilipewa, huenda hiyo ndiyo sababu. Karatasi hiyo itunze hata hivyo, kwa sababu itaulizwa kwenye uthamini (swali la 24).

8. Dalali ana kiwanja cha bei nafuu bondeni. Ninunue?

Hatushauri. Ukiwa bado unavutika, fanya mambo haya kabla ya kutoa hata senti moja. Nenda mwenyewe eneo hilo siku ya mvua kubwa. Tazama kuta za nyumba za jirani: mstari wa tope uliokauka unaonyesha maji yalifika wapi. Ongea na mpangaji, si mwenye nyumba, umuulize mwaka gani walilala juu ya dari. Kisha nenda ofisi ya mtaa na halmashauri uulize kama eneo limo kwenye mpaka wa Mradi wa Bonde la Msimbazi (swali la 23). Mkataba uandikwe na wakili, na mashahidi wawe majirani wa pande zote nne. Ofisi ya mtaa inaweza kuthibitisha kwamba muuzaji anajulikana. Kuhakiki umiliki ni kazi nyingine, na ukishalipa kwa kuamini muhuri peke yake umebeba hatari yote.

9. Jirani amesogeza ukuta. Nishtaki wapi?

Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, ambaye ataita pande zote pamoja na majirani wa mpaka. Msipoelewana, hatua inayofuata ni Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021, baraza hilo linapatanisha tu, halitoi hukumu ya nani mwenye ardhi. Katika usuluhishi hukaa wajumbe watatu, angalau mmoja mwanamke. Usuluhishi ukishindikana, chukua hati ya kuonyesha hivyo, kisha fungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Bila hati hiyo utarudishwa, isipokuwa siku 30 zikiwa zimepita tangu ufungue lalamiko Baraza la Kata bila suluhu; hapo unaweza kufungua shauri hata bila hati. Kuna watu bado wanashikilia "hukumu" za Baraza la Kata za baada ya 2021 wakidhani zinatosha kumhamisha mtu. Hazitoshi.

## Maji, vyoo na taka

10. Maji ya kisima cha uani yanafaa kunywa?

Chukulia kwamba hayafai mpaka uyatibu. Bondeni maji ya ardhini yako karibu sana na uso, na choo mara nyingi kiko hatua chache kutoka kisimani. Kisima kifupi kitumike kwa kufua na kudeki. Ya kunywa yatoke kwenye bomba la DAWASA au kizimba cha maji, na hata hayo yanaweza kuchafuka ndani ya dumu. Osha dumu kwa sabuni na mchanga safi au kokoto ndogo, litikise, suuza.

Maji yakishachemka vizuri kwa dakika 1 yanatosha. Ukitumia vidonge vya klorini, soma pakiti: vingi ni kidonge 1 kwa lita 20, na lazima usubiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu tope hula nguvu ya dawa.

11. Choo kimejaa na gari haliingii kwenye kichochoro. Nifanye nini?

Gari la majitaka lina kikomo cha mpira wake. Pima kwa hatua kutoka mahali gari linapoweza kusimama hadi chooni, uwaambie idadi hiyo kabla hawajaja. Mpira ukiwa mfupi, tafuta vikundi vinavyonyonya kwa pampu ya mkono na kubeba mapipa kwa guta hadi mahali panaporuhusiwa kumwaga, kama mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Waulize wanamwaga wapi. Kama hawana jibu, basi wanamwaga mtoni.

Kabla hawajafika, mimina ndoo kadhaa za maji ili kinyesi kilainike, na utoe vitambaa, chupa na pedi. Takataka hizo ndizo huziba pampu, na kazi ya saa moja inakula siku.

Kutapisha choo, yaani kutoboa ukuta wa shimo mvua ikinyesha ili maji yabebe uchafu, ni kosa kisheria na ndiyo njia ya haraka ya kuleta kipindupindu kwenye kichochoro chote. Watoto wa jirani wa chini wanacheza kwenye maji hayohayo. Tunaomba kila kaya ilichukulie jambo hili kwa uzito wake wote. Wapangaji mnaweza kuchangia unyonyaji kwa kaya, na mwenye nyumba aliyekataa kushiriki apelekwe kwa afisa afya wa kata.

Unapojenga upya, choo cha bondeni huinuliwa juu ya ardhi kwa ngazi, na kuta za shimo hujengwa kwa tofali na kupigwa plasta ndani na nje, kwa sababu shimo refu litajaa maji ya ardhini hata kabla ya kutumika.

12. Nalipa ada ya taka lakini gari halipiti.

Weka stakabadhi za miezi mitatu, andika tarehe ambazo gari halikuja, upeleke kwa mtendaji pamoja na majina ya kaya tano au zaidi. Mkandarasi au kikundi kina mkataba, na malalamiko yenye tarehe ndiyo yanayotumika wakati wa kuuhuisha. Mkiwa mnasubiri, taka za jikoni ziwekwe kwenye kiroba kilichofungwa na kuinuliwa kutoka chini. Taka zinazotupwa mtoni hukwama kwenye kalavati linalofuata, na maji hurudi kwa waliozitupa na wasiozitupa. Usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi unafaa kwa mitaro ya ndani. Tope likishatolewa liondolewe siku hiyohiyo, maana likiachwa ukingoni mvua ya kwanza hulirudisha.

13. Mchicha na matembele ya bondeni ni salama?

Kuosha hupunguza vijidudu, hakuondoi metali nzito, na tafiti kadhaa zimezikuta metali hizo kwenye udongo na mboga za bonde hili, ambalo hupokea maji ya viwanda na machinjio. Nunua mboga za mashamba yanayomwagiliwa kwa maji ya kisima kilichopimwa, hasa kwa ajili ya watoto na wajawazito.

## Mvua na mafuriko

14. Mbona mto ulijaa na hapa kwetu hakukunyesha?

Kwa sababu Msimbazi unaanzia milima ya Pugu, upande wa Kisarawe, na unapita kiasi cha kilomita 35 kabla ya kuingia baharini kwenye daraja la Selander. Mvua ya Pugu usiku inakuwa mafuriko ya Jangwani baadaye, jua likiwa linawaka. Njiani mto unapokea vijito vya Ubungo na Sinza. Bahari ikiwa imejaa wakati huohuo, maji hayana pa kutokea haraka, nayo hupanda Jangwani na Hananasif. Kwa hiyo uliza hali ya Pugu, na ujue saa za maji kujaa baharini.

15. Angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa ni vitu gani?

Ni ngazi za Mamlaka ya Hali ya Hewa: njano, rangi ya machungwa na nyekundu. Kwa mtu wa bondeni tunashauri njano iwe siku ya kuinua vitu na kuandaa mfuko, na rangi ya machungwa iwe siku ya watoto, wazee na wagonjwa kulala kwa ndugu waliopo juu. Nyekundu usiisubiri ukiwa ndani.

16. Kabla ya masika niandae nini?

Masika ni Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Mafuriko makubwa ya Desemba 2011, yaliyoua zaidi ya watu 40 jijini na kufanya waathirika wahamishiwe Mabwepande, yalikuja ndani ya vuli. Usidhani hatari ni ya Aprili pekee.

Vyeti, NIDA, karatasi ya mauziano na daftari la kliniki viwekwe kwenye ndoo ya rangi iliyooshwa, yenye mfuniko unaobana. Inaelea, inabebeka, haivuji kirahisi. Vipige picha pia, umtumie ndugu wa mkoani. Dawa za kila siku za wiki mbili ziwe humo. Godoro na gunia la unga viwe na mahali pa juu panapojulikana, na kila mtoto ajue kwa jina nyumba mtakayokutania.

17. Viroba vya mchanga vinapangwaje visisombwe?

Jaza nusu hadi theluthi mbili tu. Kiroba kilichojaa hadi mdomo huwa kigumu kama gogo na kinaacha mianya. Kunja mdomo, uulaze chini ya kiroba chenyewe. Panga kama matofali, kila kiungo kikalie katikati ya kiroba cha chini, na ukikanyage kila kimoja mpaka kilale. Upana wa chini uwe mara tatu ya kimo: ukuta wa nusu mita juu unahitaji mita moja na nusu chini. Tanguliza nailoni nzito upande wa maji.

Mchanga ununuliwe. Ukiuchimba ukingoni unauondoa msingi unaojaribu kuulinda, na uchimbaji huo bila kibali unakatazwa. Viroba huoza juani, hivyo vya mwaka jana vikaguliwe kwa kidole kabla ya kuaminiwa. Ukuta huu unapunguza maji ya kawaida ya uani. Mto ukiamua kuja wote, hauuzuii.

18. Maji yameanza kuingia ndani. Kipi kwanza?

Watu. Kisha zima swichi kubwa ya umeme ukiwa umesimama pakavu. Kama swichi imeshaguswa na maji, iache na upige TANESCO namba 180. Usivuke maji yanayotembea yakifika magotini, na watoto wabebwe mgongoni na mtu mzima mwenye fimbo ya kupima mbele. Makalavati na vifuniko vya mitaro havionekani chini ya maji ya tope, na hapo ndipo watu wengi hupotelea. Polisi ni 112, Zimamoto na Uokoaji 114. Shule, misikiti na makanisa ya juu hufunguliwa kwa waathirika, na jina lako liandikwe kwenye orodha ya hapo siku ya kwanza, kwa sababu misaada hufuata orodha.

19. Maji yameondoka. Nirudi lini?

Baada ya kukagua msingi. Ukiona ufa mpya wa mshazari kwenye kona au sakafu inayolia utupu ukigonga, udongo wa chini umesombwa, usilale humo. Tope litolewe kabla halijakauka, kuta zioshwe kwa maji yenye klorini, magodoro yaliyolowa maji ya choo yatupwe.

Mtu akiharisha maji kama ya mchele, asisubiri: kliniki mara moja, na njiani anywe ORS. Ikikosekana, lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Kituo cha simu cha Wizara ya Afya ni 199, bure.

## Vikundi, misiba na shughuli

20. Kikoba, mchezo na mkopo wa halmashauri vinatofautianaje?

Mchezo una kijumbe anayekusanya na kumpa mmoja kila zamu. Hakuna akiba inayobaki, na kijumbe akihama mmepotea. Kikoba kinakusanya hisa, kinakopesha wanachama na kugawana mwisho wa mzunguko. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi hivi vinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri. Sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu wasio wa nyumba moja, na sanduku lenyewe kwa mtu wa nne. Kwa bondeni tunaongeza sharti moja: lisikae nyumba ya chini wakati wa masika, na hesabu zinakiliwe kwenye daftari la pili.

Mkopo wa halmashauri, uitwao wa asilimia 10, hutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hauna riba, lakini hurudishwa. Maombi hupitia afisa maendeleo ya jamii wa kata, na vikundi vingi hukwama kwa sababu ya katiba ya kunakili na biashara iliyoandikwa ambayo haipo.

21. Mtu amefia nyumbani. Tunaanzia wapi?

Mjulisheni mtendaji wa mtaa, awape barua ya kupata kibali cha mazishi. Aliyefia hospitali hupewa kibali hapohapo. Kama kifo kina utata, polisi waitwe kabla mwili haujaoshwa. Wakati huohuo msikiti au jumuiya ya kanisa hupanga jeneza, kaburi na turubai, na mtu mmoja mwaminifu hushika daftari la rambirambi. Kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Cheti cha RITA kitahitajika kwenye mirathi, benki na hata kwenye fidia ya nyumba, na kukitafuta miaka mitano baadaye ni kazi kubwa kwa wajane.

22. Ulinzi shirikishi na turubai la shughuli: sheria ni zipi?

Mchango wa ulinzi hukubaliwa kwenye mkutano wa mtaa na hutolewa kwa stakabadhi. Walinzi wakimkamata mtu wampeleke polisi palepale. Kumpiga au kumfungia ofisini ni kosa, na anayeshtakiwa ni mlinzi mwenyewe.

Kwa harusi, unyago au hafla inayofunga njia, barua ianze kwa mtendaji, kisha polisi, siku kadhaa kabla. Acha upenyo wa kupita bajaji ya mgonjwa. Muziki wa usiku kucha hauna kibali, hata mwenyekiti akiwa mgeni rasmi.

## Mradi wa Bonde la Msimbazi na mambo ya pembeni

23. Mradi huu unafanya nini?

Mpango ulijadiliwa na wakazi na wataalamu mwaka 2018. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, na Uholanzi na Hispania zikachangia. Msimamizi ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Kazi zake ni kuchimba na kupanua mto sehemu ya chini, kuinua barabara na daraja la Jangwani, na kugeuza eneo linalofurika kuwa bustani ya jiji. Kwa hiyo waliokuwa ndani ya mpaka wanahamishwa kwa fidia.

24. Wathamini wamekuja. Nizingatie nini?

Uwepo mwenyewe. Picha hupigwa ukiwa mbele ya nyumba na namba yake. Hakikisha wameandika kila chumba, choo, kisima, ukuta na mti. Soma kabla ya kusaini, uombe nakala au upige picha fomu. Baada ya tarehe ya mwisho ya utambuzi, chumba utakachoongeza hakihesabiwi.

Kwa kanuni za 2001, pamoja na thamani ya mali kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi inayokokotolewa kwa kodi ya soko ya miezi 36, na usafiri wa tani 12 kwa kilomita 20. Mwenye biashara anahesabiwa faida ya miezi 36, ndiyo maana daftari la mauzo na leseni vina thamani. Malipo yakichelewa zaidi ya miezi 6 yanaanza kudai riba, na uthamini ukipita miaka 2 bila kulipwa unapaswa kurudiwa.

25. Mimi ni mpangaji. Nina changu?

Hulipwi ukuta wa mwenye nyumba. Lakini miradi yenye fedha za Benki ya Dunia huwahesabu wapangaji miongoni mwa walioathirika, ilimradi wameandikwa. Jitokeze siku ya utambuzi na mkataba au stakabadhi za kodi. Mwenye nyumba akisema "nitakuandikisha mimi", jiandikishe mwenyewe vilevile.

26. Nyumba ina alama nyekundu ya X. Maana yake nitalipwa?

Hapana. X inasema jengo limeorodheshwa kuondolewa. Katika bomoabomoa ya Desemba 2015 bondeni, nyumba zenye X zilivunjwa kwa kuwa ndani ya eneo la hatari. Uliza mara moja ni taasisi gani imeweka alama, kwa barua ya tarehe gani, na muda wa notisi, ukienda na nakala ya karatasi zako (swali la 7).

27. Mto umekula nusu ya kiwanja changu na kuongeza ardhi ng'ambo. Naweza kuidai?

Usijenge wala kuuza fungu hilo jipya. Ni mchanga uliolala ndani ya mita 60, na masika ijayo unaweza kuondoka. Linalowezekana ni kuandikisha hasara: piga picha ukisimama kwenye alama isiyohama, kama nguzo ya umeme, ufanye hivyo kila baada ya mvua kubwa, na umwombe mtendaji aandike tarehe na kipimo kwenye rejista. Uthamini ukija baadaye, kumbukumbu hiyo inaonyesha kiwanja kilikuwa na ukubwa gani.

28. Karatasi zote zimesombwa. Naanza upya na ipi?

Anza polisi kwa taarifa ya upotevu, ukitaja kila hati kwa jina. Kisha barua ya utambulisho kutoka mtaani: ukiwa kwenye rejista (swali la 3) hii ni kazi ya siku moja. Kwa hizo mbili nenda NIDA, maana namba yako ipo kwenye mfumo hata kadi ikipotea, halafu RITA kwa vyeti vya kuzaliwa. Vyeti vya mitihani huombwa kupitia NECTA. Karatasi ya mauziano ya kiwanja haina ofisi ya kuichapisha upya. Mtafute muuzaji na mashahidi waliosaini, muandike tamko la kiapo mbele ya wakili wakiwa bado hai na wanakumbuka, na nakala moja iwekwe ofisi ya mtaa.